Kisa cha chamu: tofauti ya 15 kwa 10,000 na swali la fizikia mpya ambalo bado liko wazi

Wakuu, leo nataka tuchambue kisa kimoja tu mwanzo mpaka kilipofikia, kile cha watu wa LHCb, moja ya ditekta za mashine ya LHC pale CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe Ulaya, na namba yao wanayoiita delta A-CP, inayopima jinsi chembe zenye chamu (aina moja ya kwaki, vipande vidogo vinavyojenga protoni na chembe nyingine) zinavyotofautiana na antichembe zake zikioza, kwa sababu kila ikitajwa fizikia mpya watu wanakimbilia kichwa cha habari afu yale ya ndani ambayo ndo matamu yanabaki hayajasomwa. Kisa kilianza Novemba 2011 kwa kishindo, miaka mitatu baadae kikawa kimefifia kabisa, 2019 kikarudi na namba ndogo kuliko ya mwanzo lakini safari hii imekamilika, na 2022 kikaleta jambo jingine ambalo mimi naona ndo zito kuliko yote. Msimamo wangu nauweka mapema: kipimo ni cha kweli, sina wasiwasi nacho hata kidogo, ila anayesema kimethibitisha fizikia mpya kawahi, na anayesema kimeithibitisha Modeli Sanifu, yaani nadharia tuliyonayo sasa ya chembe na nguvu zake, naye kawahi vilevile, mana kilichokwama sio mashine wala data, kilichokwama ni hesabu.

Tuweke msingi kwanza kwa wale ambao hawajakutana na hii kitu. Kila chembe ina mwenzake wa antimaada, uzito uleule, chaji kinyume. C ni kubadilisha chembe iwe antichembe, P ni kugeuza kushoto kuwa kulia, na ukifanya zote mbili kwa pamoja ndo CP. Zamani iliaminika kwamba ukifanya hivo sheria za asili zinabaki zilezile, mpaka mwaka 1964 James Cronin, Val Fitch, James Christenson na René Turlay kule Brookhaven, Marekani, walipoona kaoni zile zinazoishi muda mrefu zikioza, yaani zikivunjika, kuwa pioni mbili (kaoni na pioni ni mezoni, chembe za kwaki moja na antikwaki moja), jambo ambalo CP ingekuwa inaheshimiwa lisingetokea kamwe. Ilikuwa kama mara 2 katika kila 1,000, kidogo tu, lakini ikatosha, Cronin na Fitch wakapata Nobel 1980. Mwaka 1973 Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, wakaonyesha kwamba ukiwa na familia tatu za kwaki, yaani kwaki 6, inabaki fezi moja, yaani pembe moja, kwenye hesabu ambayo hauwezi kuifuta kwa ujanja wowote, na hiyo fezi ndo inaleta uvunjaji wa CP. Na kumbuka wakati wanaandika hayo kwaki zilizojulikana zilikuwa 3 tu! Mwaka 2001 majaribio ya BaBar kule California na Belle kule Tsukuba, Japani, wakauona uvunjaji huo kwenye mezoni B, zile zenye kwaki ya botomu, ukakaa palepale hesabu ilipotaka, na wazee wakapewa Nobel yao 2008.

Sasa kwa nini watu bado wanatafuta? Kwa sababu ulimwengu huu una maada na karibu hauna antimaada kabisa, na Andrei Sakharov alishaonyesha 1967 kwamba ili hali hiyo itokee lazima CP ivunjwe mahali. Ila fezi ya Kobayashi na Maskawa ukiipigia hesabu inatoa tofauti ndogo mno kuliko inayohitajika, haitoshi hata kidogo, kwa hiyo lazima kuna chanzo kingine cha uvunjaji wa CP ambacho bado hatujakiona. Sisemi chamu ndo itajibu swali la maada na antimaada, hapana, hata hii ya 15 kwa 10,000 peke yake haijibu. Ninachosema ni kwamba chanzo kipya kikiwepo kina haki ya kuacha alama popote pale, na sehemu nzuri ya kutafuta alama ndogo ni pale ambapo kelele za vitu tunavyovijua ziko chini.

Na hapo ndo chamu inapoingia. Kwaki za chaji ya theluthi mbili ziko tatu, ap, chamu na topu. Topu inaoza haraka kiasi kwamba haipati hata muda wa kutengeneza mezoni, na ap ukiiunganisha na antiap unapata pioni isiyo na chaji ambayo ni antichembe ya yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kuangalia upande huo wa kwaki, mezoni pekee inayoweza kubadilika ikawa antimezoni yake na kurudi ni D0, ambayo ni chamu pamoja na antiap. Kaoni na B zote zinachunguza upande ule mwingine, wa dauni, strenji na botomu. Yaani fizikia mpya ikiamua kukaa upande wa ap tu, kaoni na B zinaweza kuchunguzwa miaka 100 zisiseme kitu.

Afu kuna hili la kelele kuwa chini, tulipigie hesabu kidogo mana ndo moyo wa kisa chote. Chamu ikioza inakwenda kwa strenji au dauni, na familia mbili za kwanza peke yao hazina fezi ya CP. Ili fezi iingie lazima kwaki ya botomu ipite ndani ya ile michoro yenye mzunguko wanayoiita pengwini, na malipo yake ni namba mbili za jedwali la CKM, lile linaloonyesha nguvu ya kwaki moja kugeuka nyingine, V-ub ambayo ni kama 0.0037 na V-cb ambayo ni kama 0.041. Zizidishe unapata kama 0.00015, gawanya kwa ile ya njia ya kawaida ambayo ni kama 0.22, unabaki na kitu kama 7 kwa 10,000. Hapo bado haujaweka uwiano wa nguvu kati ya pengwini na njia ya kawaida, wala fezi ya nguvu kali, ile nguvu inayofunga kwaki pamoja, inayotakiwa ili hizo njia mbili ziingiliane. Ndo mana kwa miaka mingi kauli ilikuwa rahisi: ukiona uvunjaji wa CP kwenye chamu unaofika asilimia 1, hiyo ni fizikia mpya, hakuna mjadala.

Haya, kipimo chenyewe. D0 inaishi muda wa kama 0.4 ya pikosekunde tu (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), uzito wake 1865 MeV (kipimo cha nishati kinachotumika kwa uzito wa chembe), na LHCb wanaitazama ikioza kuwa K+K- au pioni mbili π+π-. Shida ya kwanza ni kwamba hayo matokeo mawili yanafanana kwa D0 na kwa anti-D0, ukiona K+K- hauwezi kujua nani kazaa. Kwa hiyo wanatumia alama ya nje. Njia moja ni kuchukua D0 zilizotoka kwenye D*+, mana D*+ inaoza kuwa D0 na pioni laini yenye chaji chanya, na D*- inatoa anti-D0 na pioni hasi, basi chaji ya ile pioni inakuambia D ilizaliwa ikiwa nani. Njia ya pili ni D0 zinazotoka kwenye mezoni B pamoja na myuoni (ndugu mzito wa elektroni), myuoni hasi inamaanisha D0, myuoni chanya anti-D0. Njia ya pili ina data chache ila udhaifu wake ni tofauti na wa ile ya kwanza, na mimi nadhani kuwa na njia mbili zenye udhaifu tofauti ndo kitu kilichowaokoa huko mbele.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. LHC inagonganisha protoni na protoni, na protoni ni maada, kwa hiyo D*+ na D*- hazizaliwi kwa idadi sawa tangu mwanzo. Afu ditekta yenyewe imetengenezwa kwa maada, pioni chanya na hasi hazigongani na chuma na silikoni kwa namna moja, na sumaku inazipinda pande tofauti, tena pioni laini ina mwendo mdogo kiasi kwamba kuna kona za ditekta ambapo chaji moja inabaki ndani na nyingine inatupwa nje kabisa. Tofauti hizo zinaweza kufika asilimia 1 au kupita, na wewe unatafuta kitu cha sehemu ya kumi ya hapo! Ukizihesabu D0 na anti-D0 ukatoa tofauti, unapata jumla ya vitu vitatu: uvunjaji wa CP, tofauti ya kuzaliwa, na tofauti ya ditekta kuikamata ile pioni ya alama.

Ujanja ni huu. Tofauti ya kuzaliwa na ya ditekta zinatokana na D* na pioni laini, hazijui kama D0 baadae imeoza kuwa kaoni au pioni. Kwa hiyo pima tofauti ghafi ya K+K-, pima ya π+π-, toa moja kwa nyingine, yale mawili ya kero yanafutika na unabaki na tofauti ya CP kati ya njia mbili, hiyo ndo delta A-CP. Ni sawa na mizani ya duka inayozidisha gramu 50 kila mara, ukipima sukari na mchele juu ya mizani hiyohiyo uzito wa kila kimoja utakuwa wa uongo lakini tofauti kati yao ni ya kweli. Tena bahati ikaongezeka, mana kinadharia chini ya ulinganifu unaoitwa U-spin, ule unaobadilisha dauni na strenji, uvunjaji wa CP wa K+K- na ule wa π+π- unatarajiwa kuwa na ukubwa unaokaribiana na ishara kinyume, kwa hiyo ukitoa unaongeza kero zikiwa zimeondoka. Kufutika sio kamili mia kwa mia, sababu D* zinazotoa kaoni na zile zinazotoa pioni zikichaguliwa zinakuwa na mwendo na pembe tofauti kidogo, inabidi zisawazishwe kwa uzito wa takwimu, zile kona mbovu zikatwe, na sumaku wanaigeuza mara kwa mara ili upande wa kushoto na wa kulia wa ditekta uzoee chaji zote.

Novemba 2011, kwenye mkutano Paris, LHCb wakatoa matokeo ya kwanza wakitumia kama milioni 1.4 za K+K- na milioni 0.38 za π+π-. Namba: hasi asilimia 0.82, makosa (yaani kiasi cha kutokuwa na uhakika) ya takwimu 0.21 na ya kimfumo, yale ya kifaa na mbinu, 0.11, sigma 3.5 (sigma inasema kipimo kiko mbali na sifuri mara ngapi ya makosa yake). Hapo ndo pakawaka moto. Kwenye fani hii sigma 3 unaita ushahidi, sigma 5 ndo unasema umegundua, kwa hiyo hawakudai ugunduzi, lakini karibu asilimia 1 kwenye chamu ni ile ile kauli ya zamani, fizikia mpya. Jaribio la CDF kule Fermilab, Marekani, wakaja 2012 na hasi 0.62, makosa 0.21 na 0.10, Belle nao wakatoa hasi 0.87 ila makosa yao yalikuwa makubwa, 0.41. Watatu upande mmoja. Karatasi za nadharia zikamiminika, supasimetria, hadroni (chembe zinazoundwa na kwaki) za ajabu, bosoni mpya, kila mtu na lake.

Kuna jambo la wakati ule ambalo mimi naliona la kujifunza kuliko namba zenyewe. Kabla ya 2011 kauli ilikuwa asilimia 1 ni fizikia mpya. Baada ya 2011 baadhi ya wanadharia wakarudi kwenye hesabu wakasema ngoja kwanza, tukitazama vizuri pengwini kwenye chamu inaweza kukuzwa na nguvu kali kuliko tulivyodhani, huenda Modeli Sanifu inafika huko. Wengine waliwalaumu kwamba wanasogeza goli, mimi siwalaumu kabisa, walikuwa wanasema ukweli ambao ulitakiwa usemwe mapema: ile kauli ya mwanzo haikutokana na hesabu iliyokamilika, ilitokana na makadirio. Ila matokeo yake ni kwamba kuanzia siku hiyo mstari wa kutenganisha ya zamani na mpya ukafutika, na mpaka leo haujachorwa upya.

Afu namba ikaanza kushuka. 2013 LHCb wakatumia data zote za 2011, wakiwa wamezisindika upya ditekta ikiwa imepangwa vizuri zaidi kwenye programu, njia ya D* ikatoa hasi 0.34 na njia ya myuoni ikatoa CHANYA 0.49. 2014 myuoni na data za miaka miwili, chanya 0.14 na makosa 0.16. 2016 njia ya D*, hasi 0.10 na makosa 0.08 na 0.03, hiyo ni sifuri kwa lugha nyingine. Wengi wakafunga faili, wakasema ilikuwa bahati ya takwimu. Na kwa sehemu kubwa ni kweli, ukichukua jibu la mwisho tulilonalo leo, ile 0.82 ilikuwa mbali nalo kwa kama sigma 2.8, kitu ambacho hutokea, hasa ukikumbuka kwamba namba inayopata kelele ni ile iliyoruka juu, zilizobaki karibu na sifuri hazitangazwi kwa kishindo.

LHCb wenyewe hawakufunga faili. Wakakusanya data za 2015 mpaka 2018, nishati ya TeV 13, na safari hii kwa njia ya D* walikuwa na milioni 44 za K+K- na milioni 14 za π+π-, juu yake milioni 9 na milioni 3 za njia ya myuoni. Tarehe 21 Machi 2019 wakatangaza CERN na kwenye mkutano wa Moriond kule La Thuile, Italia: ukijumlisha na data za zamani delta A-CP ni hasi 15.4 kwa 10,000, makosa 2.9, sigma 5.3. Kwa mara ya kwanza uvunjaji wa CP umeonekana kwenye chamu, miaka 55 baada ya kaoni.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe kwamba makosa yale sio ya kutungwa, na napenda watu wafanye hivi badala ya kuamini tu. Makosa ya takwimu ya asimetria ndogo ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa milioni 14 unapata 2.7 kwa 10,000, kwa milioni 44 unapata 1.5, ziunganishe kwa kipeuo cha jumla ya miraba yake unapata kama 3.1. LHCb waliandika 3.2 kwa njia ya D* ya data hizo mpya, hiyo ziada ndogo inatokana na uchafu wa nyuma unaochanganyika na ishara. Fanya hivohivo kwa data za 2011, utapata kama 18 kwa 10,000 yaani asilimia 0.18, wao waliandika 0.21. Kumbe unaona wazi kwamba mwaka 2011 hata mashine ingekuwa kamilifu isingeweza kuiona tofauti ya 15 kwa 10,000, makosa yenyewe yalikuwa makubwa kuliko kitu kinachotafutwa! Ile 0.82 haikuwa ugunduzi uliowahi, ilikuwa kelele iliyoangukia upande uliokuja kuwa sahihi.

Na makosa ya kimfumo ya njia ya D* kwa 2019 yalikuwa 0.9 kwa 10,000 tu, yaani ule ujanja wa kutoa ulifanya kazi mpaka kwenye desimali ya nne. Njia ya myuoni peke yake ilitoa hasi 9 na makosa ya takwimu 8, inakubaliana na ile ya D*. Hapa sina la kuongeza, kazi ya mikono safi kabisa.

Sasa rudi kwenye swali, hiyo 15.4 ni ya Modeli Sanifu au la? Chukua ile 7 kwa 10,000, ikipunguzwa kidogo na pembe ya fezi inakuwa kama 6.5, izidishe mara mbili kwa sababu ya kutoa njia mbili zenye ishara kinyume, unapata kama 13 kwa 10,000, afu zidisha kwa uwiano wa pengwini na njia ya kawaida pamoja na sini ya fezi ya nguvu kali. Ili ufike 15.4 hicho kizidisho lazima kiwe kama 1.2. Alexander Khodjamirian na Alexey Petrov walishapiga hesabu 2017 kwa mbinu ya kanuni za majumlisho kwenye koni ya mwanga (njia mojawapo ya kukadiria nguvu kali), wakasema delta A-CP haizidi kama 2 kwa 10,000. Baada ya tangazo la 2019, Mikael Chala, Alexander Lenz, Aleksey Rusov na Jakub Scholtz wakarudia kwa tahadhari zaidi wakafika 3.6. Kwa maana hiyo kipimo kiko juu mara 4 mpaka karibu 8. Upande mwingine Yuval Grossman na Stefan Schacht wakasema hapana, kizidisho cha karibu 1 ndo kitu cha kawaida kabisa pale ambapo hadroni zinagongana tena baada ya kuoza, K+K- ikageuka π+π- na kinyume chake, na wakakumbusha kwamba kwenye kaoni kuna mkuzo wa namna hii ambao ni mkubwa mno, uwiano wa amplitudo unafika kama 22, na hakuna aliyesema ni fizikia mpya.

Nani yuko sahihi? Mimi naegemea kwa Grossman na Schacht kwa namba hiyo moja, sioni sababu ya kutarajia mgongano wa hadroni uwe mdogo karibu na 1865 MeV ambapo kuna resonansi nyingi (chembe za muda mfupi mno) za kuuchochea. Ila kuegemea sio kuthibitisha. Chamu imekaa pabaya, ni nzito mno kwa zile mbinu zinazofanya kazi kwenye kaoni na ni nyepesi mno kwa zile zinazofanya kazi kwenye B, upanuzi unaotegemea kugawanya kwa uzito wa kwaki hauendi haraka kwenye sifuri. Watasema basi tuipeleke kwenye kompyuta, hesabu za latisi, zile zinazokata nafasi na muda vipande kama gridi. Kwa kaoni kikundi cha RBC na UKQCD walitoa hesabu kamili 2020 ya uvunjaji wa moja kwa moja, yaani ule wa kwenye kuoza kwenyewe, miaka kama 20 baada ya majaribio ya KTeV na NA48 kumaliza ubishi kwenye kipimo, na bado makosa ya hesabu yalikuwa makubwa kuliko ya kipimo. Kaoni ina mlango mmoja tu wa maana wa kutokea, pioni mbili. D0 ina pioni mbili, kaoni mbili, pioni nne na mengineyo, yote yanachanganyikana, na mbinu za kushughulikia milango yote hiyo kwa pamoja bado zinajengwa.

Hapo ndo 2022 inapokuwa muhimu, na nashangaa imepata kelele ndogo kuliko 2019. Delta A-CP inakupa tofauti tu, haikuambii nani kati ya K+K- na π+π- ndo anavunja CP. Ili ujue lazima upime mmoja peke yake, yaani uache ule ujanja wa kutoa na ushughulike na zile kero uso kwa uso. LHCb walifanya hivo kwa K+K- wakitumia mezoni D+ na Ds+ (ndugu za D0 zenye chaji) kwenye njia za kuoza ambazo CP haitarajiwi kuvunjwa, wakazipanga kwa mafungu mawili tofauti ili kila fungu lifute tofauti ya kuzaliwa, ya pioni na ya kaoni, mpaka ikabaki CP peke yake. Ukiunganisha na delta A-CP unapata uvunjaji wa moja kwa moja wa K+K- chanya 7.7 kwa 10,000 na makosa 5.7, na wa π+π- chanya 23.2 na makosa 6.1. Ya pioni iko sigma 3.8 kutoka sifuri, ushahidi wa kwanza kwa njia moja mahususi ya kuoza kwa D0.

Tazama ishara. U-spin ilisema zitakuwa kinyume, zimekuja zote chanya, na ya pioni ni kama mara tatu ya ile ya kaoni. Ulinganifu wa U-spin tunajua sio kamili, hata kasi za kuoza zinaonyesha, K+K- inatokea kama mara 2.8 ya π+π-, kwa hiyo kupotoka kwa asilimia 30 hivi kila mtu anakutarajia. Ila kugeuka ishara ni kupotoka kukubwa mno, na kitakwimu jumla ya hizo mbili iko kama sigma 2.7 kutoka sifuri. Ule utetezi wa mgongano wa hadroni unaoeleza 15.4 vizuri kabisa hauelezi hili kirahisi, mana ukikuza pengwini unakuza zote mbili kwa ishara kinyume. Kundi la Gudrun Hiller kule Dortmund walionyesha kwamba bosoni mpya aina ya Z-praimu, yaani chembe mpya ya kubeba nguvu, inayogusa kwaki dauni na strenji kwa viwango tofauti ingeweza kutoa picha ya namna hii. Simtangazii mtu Z-praimu hapa, sigma 2.7 zimeshafutika nyingi na kisa hikihiki kimetuonyesha ya 3.5 ikisinyaa, lakini mtu akiniuliza mahali penye nafasi halisi ya fizikia mpya kwenye chamu namuelekeza kwenye hiyo jumla ya mbili, sio kwenye tofauti yake.

Kuna ushahidi mwingine wa pembeni unaosaidia kubana. Mwaka 2021 LHCb walipima tofauti ya uzito kati ya hali mbili za D0 kwa zaidi ya sigma 7, ni kitu cha kama gramu 10 kwa kipeo cha hasi 38, na walitafuta uvunjaji wa CP unaobadilika na muda, ule wa D0 kugeuka anti-D0 kabla ya kuoza. Wakapata sifuri, kwa usahihi wa kama 1 kwa 10,000. Kwa hiyo chochote kinacholeta 23.2 kinafanya kazi kwenye kuoza kwenyewe na sio kwenye mchanganyiko, na mfano wowote wa fizikia mpya lazima upite hapo pia, wengi hawapiti.

Kinachosubiriwa saivi ni vitu viwili. Cha kwanza ni data, mana LHCb iliyojengwa upya haina tena kichujio cha maunzi, kila mgongano unasomwa na kuamuliwa na programu kwenye kadi za GPU, na hiyo inazisaidia sana njia kama hizi zisizo na myuoni. Mwaka 2024 peke yake ilikusanya data nyingi kuliko zote za 2011 mpaka 2018, kama femtobani kinyume 9.5 (kipimo cha wingi wa migongano). Hesabu ya K+K- na π+π- ikirudiwa kwa data hizo ile sigma 2.7 itakua au itaondoka. Cha pili, na hiki ndo nakisubiri kwa hamu kuliko vyote, ni D+ inayooza kuwa π+π0. Njia hiyo pengwini za Modeli Sanifu hazina nafasi kwa sababu ya isospini, ule ulinganifu kati ya kwaki ap na dauni, matokeo yake ya mwisho yana isospini 2 na pengwini haiwezi kufika huko, kwa hiyo uvunjaji wa CP hapo kwa Modeli Sanifu ni sifuri kwa vitendo, bila kuhitaji mtu kupiga hesabu ngumu ya nguvu kali. Belle II kule Tsukuba wanaifaa zaidi mana wanaona π0 vizuri na elektroni na positroni hazina vurugu za protoni, LHCb nao wameshaipima kwa kutumia π0 zinazotoa jozi ya elektroni na positroni. Vipimo vya mpaka sasa vinakubaliana na sifuri, ila makosa yake bado ni ya kiwango cha asilimia 1, yaani mara kadhaa ya ile 23.2 tunayoifukuzia, na hapo ndo pa kusukuma.

Unganisha hiyo na D0 kwenda π0π0 afu na π+π-, isospini inakupa mlinganyo wa majumlisho kati ya hizo tatu. Ikionekana kwamba uvunjaji wa CP unakaa kwenye sehemu ya isospini 2, hakuna hesabu ya mgongano wa hadroni itakayoweza kuudai, na ukikaa kwenye sehemu ya isospini 0 peke yake, basi mzigo unarudi kwa watu wa latisi.